Rangi ya Kijani ya Mzee Dunia

Dunia Ismaili alikuwa mkamuaji wa mawese hapa Ujiji. Michikichi yake thelathini na mmoja ilianzia nyuma ya nyumba ikashuka hadi karibu na ziwa. Babu yake alivuka nayo kutoka Kongo ikiwa bado ni mbegu. Kila mti alikuwa ameupa jina la mtu. Wenye miiba mingi kuliko yote uliitwa Marcelina, jina la mama mkwe wake, na akienda kuupogoa alimuaga mkewe, “Nakwenda kumnyoa mama yako.”

Mwaka wa sabini na tatu Bwana Mipango alituita ofisi ya chama. Alikuwa kijana mpole, jina lake Dismasi, na alikuwa amebandika ukutani ramani ya mji mpya. Alisema miji mikubwa ng'ambo imejaa moshi hata watu wanakosa hewa, kwa hiyo wataalamu wamekubaliana kwamba kila mji uachiwe mapafu, yaani sehemu ya miti. Nasi tunaojitegemea tusingoje mpaka tuharibikiwe kama wao.

“Dunia nzima sasa inafanya hivi,” akasema.

“Mwanangu, mimi bado sijafanya,” akajibu Dunia kutoka nyuma, na ukumbi wote ukacheka. Hata Dismasi alicheka.

Baada ya mkutano Dunia alinishika mkono akanipeleka kwenye ramani. Mimi nilikuwa na darasa la nne, na mtaani hapo ndimi niliyeitwa kusoma barua za watu. Tukaipata nyumba yake. Yeye na miti yake walikuwa ndani ya rangi ya kijani. Pembeni palikuwa na maelezo ya rangi, kwa Kiingereza, herufi ndogo sana. Niliyatazama muda mrefu.

“Inasemaje?”

“Kijani ni miti, mzee. Miti inabaki.”

Sikuwa nimesoma hata neno moja. Niliona aibu kusema sijui.

Zilitolewa siku thelathini kwa mwenye malalamiko kuandika. Jirani yake Rozalia, aliyepakwa rangi ya njano, alinijia nikamwandikia. Dunia alimcheka. “Dada, wewe umepakwa njano. Mimi niko kijani, niandike nini?” Akapanda miche saba mingine ili kijani kikolee.

Siku zikaisha. Dismasi akaja na watu wa kupima, akakuta miche mipya imemwagiliwa maji.

“Shikamoo, mzee. Hukuandika?”

“Marahaba. Niandike nini, na miti inabaki?”

“Miti inabaki, ndiyo.” Dismasi akatazama chini. “Watu ndio wasiotakiwa kukaa humo. Wala kulima, wala kuchuma. Njano ndiyo ya nyumba.”

Dunia alinitazama mara moja tu, kisha akaingia ndani kumwambia mkewe afunge vyombo. Mwaka uliofuata, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika kijiji cha Kidahwe, kwa kuwa mjini hakuwa na nyumba tena.

Nilimfuata huko mara tatu kwa miguu. Mara ya mwisho nilimkuta amelala kwenye mkeka, kifua kinambana. Mkewe alikuwa amepika maharage bila mawese.

“Marcelina hajambo?” akaniuliza.

Asubuhi ile nilikuwa nimepitia kule. Makuti makavu yalikuwa yamening'inia mpaka chini, chikichi zimeozea juu kwa kuwa kuchuma ni kosa. Wengine walikuwa wameanza kukata miti kwa kuni, na palipokuwa na miche saba watu wanamwaga takataka. Dismasi alihamishwa zamani, na ramani sikuiona tena ukutani. Marcelina ulikuwa umebaki kisiki.

“Hajambo,” nikasema. “Amenyolewa vizuri.”

Dunia akafumba macho. “Nani amepanda juu kumnyoa?”