Kanga wa Bi Zuweina

Kwa muda mrefu Bi Zuweina hakutamani kitu. Tangu homa imlaze, chakula alikigusa tu na kukirudisha, na mumewe, Mzee Nyange, alikuwa kachoka kuondosha sahani zilizojaa. Jana jioni ndipo mkewe aliposema, uso kaugeuzia ukutani, kwamba angepata mchuzi wa kanga wa porini angejaribu.

Ndiyo maana asubuhi hii Nyange alikuwa kalala kifudifudi katika vichaka vya Vitongoji, gobore begani, mwili wote ukimuuma. Kando yake alikuwa Hafidh, mdogo wake Bi Zuweina, mtu wa makamo mwenye miguu mirefu.

"Shemegi, weye piga, mie n'takimbia," alinong'ona Hafidh.

"Kanga wangu namchinja mwenyewe. Mapori haya nimeyakimbia weye hujajua kuvaa suruali."

"Hayo ya zamani. Siku hizi hata kobe anakutolea salamu, anakupita."

Kanga walikuwa wakichakura pembezoni mwa shamba la karanga. Nyange akasema bismillahi, akafyatua. Kundi likaruka kwa makelele. Mmoja akabaki chini, anapapatika kwenye mawe.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mwindaji wa huku akishapiga hasimami kuisifu shabaha yake, wala hangoji moshi wa baruti utawanyike. Huliacha gobore pale pale, huchomoa kisu, hukimbia. Ndege akifa kwa risasi kabla kisu hakijamfika, kwao ni mzoga, na mzoga hauingii chunguni.

Nyange aliinuka. Goti likakataa, likakubali, likakataa tena. Akayapita mawe makali akijishika kwenye matawi, na nyuma yake akimsikia Hafidh, "Niende? Shemegi, niende?"

"Kaa hapo!" alifoka, na pumzi iliyomtoka kwa ukali huo hakuweza kuirudisha.

Alipofika, kanga alikuwa katulia. Akamgeuza kibla, akapitisha kisu. Damu ikavuja kidogo, nzito, bila kuruka. Halikutikisika bawa, haukukunjika ukucha; dalili ya uhai haikuwapo.

"Katikisika," alisema Hafidh alipomfikia. "Mie nimeuona mguu."

"Umeuona wapi, na ulikuwa mgongoni kwangu?"

"Basi tuseme katikisika. Dada hajala, shemegi."

Nyange alimtazama yule ndege, mnene, manyoya ya madoadoa yakimeremeta kama yu hai. Ingekuwa rahisi. Bi Zuweina asingeuliza. Miaka yote alikula alichompelekea bila kuuliza. Na imani hiyo hasa ndiyo iliyomzuia. Akapangusa kisu kwenye majani, akawaachia kunguru riziki yao, akageuka kurudi.

Bi Zuweina alikuwa kaketi kitandani, kaegemea mto. Aliitazama mikono mitupu ya mumewe, kisha uso wake.

"Hukupata?"

"Nilimpata. Nilichelewa kumchinja."

"Na Hafidh alikuwa wapi?"

"Nilimkataza kwenda."

Bi Zuweina akavuta shuka hadi kifuani. "Baba Rawya, mie nilitaka mchuzi. Sikusema nataka mchuzi wa mbio zako."

"Najua."

"Hujui. Kesho nani atapiga?"

"Mie, inshallah."

"Na nani atakimbia?"

Nyange akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Dirishani kwa nje Hafidh alikuwa akijifanya anakung'uta viatu, na ukung'utaji wenyewe ukawa umesita. Tangu ujana wake Nyange hakuwahi kumwachia mtu mwengine ndege aliyempiga. Alilikanda goti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.

"Hafidh," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia," alisema mkewe.

"Hafidh ndiye atakayekimbia!"

"Haya." Bi Zuweina alifumba macho. "Basi niletee uji. Nipate nguvu ya kumngoja huyo kanga."

Nyange akainuka, akaenda jikoni kuwasha moto.