Ulimi Wangu na Muhogo wa Jirani

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula maharage bila chumvi, halafu tukala ndizi ambazo hazijakomaa, halafu tukaangukia kwenye mihogo na kubaki hapo. Kama huukumbuki, basi wewe ni mtoto. Ni zamani, Benaco ikiwa pori tu, haijawa kambi, Warundi walipovuka kuja kwetu Murusagamba na mikeka kichwani. Jana, hapa sokoni Kabanga, mke wa mjukuu wangu ameniomba jambo lililonirudisha huko mbio. Nitakuambia, ngoja kwanza.

Shule niliishia darasa la pili, lakini ulimi nilikuwa nao. Bibi yangu aliugundua mapema, akaufunza kama wengine wanavyofunza mbwa kuwinda. Kwake hakukuwa na uchungu wa aina moja. Ndizi mbichi ina ukakasi, inakuvaa ulimi kama umelamba majivu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikilala ina ukali, inakwaruza koo na kwenda zake. Nyanya chungu zina uchungu wa kuchangamsha, unataka kuongezewa. Mubirizi, yale majani ya homa, uchungu wake unapiga palepale, waziwazi. Muhogo mbaya ndio mwizi. Kwanza unakupa utamu kidogo, unatulia, halafu uchungu unapanda kutoka nyuma, kwenye shina la ulimi.

"Huo usipousubiri," bibi alikuwa akisema, "utazika mtu."

Basi kila muhogo uliochimbwa kwetu nilikatiwa ncha, nikatafuna, nikatema, nikasema. Mitamu ilikwenda jikoni. Michungu ililowekwa siku nne kwenye kidimbwi cha jirani, ikaanikwa, ikatwangwa.

Asubuhi moja jirani huyohuyo akaniita, karibu na kigango cha kanisa walikolala wageni. Alikuwa na kikapu cha mihogo aliyokwisha kuimenya, myeupe, inang'aa. Mbele yake amesimama mama wa Kirundi, na mtoto wake wa kama miaka mitatu amekaa chini, midomo imekauka. Mkononi mama ana kitenge, kimoja tu, cha kubadilishana. Hakuwa mjinga yule mama, mihogo aliijua kuliko wewe. Ila muhogo ukishamenywa haukuambii kitu, na shamba ulikotoka hakulijua. Akauliza kwa lugha yao, ambayo na Kihangaza chetu ni ndugu: "Irasharira?" Ni michungu?

"Mama, mimi mwenye mali usiniulize," jirani akacheka. "Muulize huyu. Ulimi wake kijiji kizima kinaujua." Akanikatia kipande, akainama sikioni kwangu. "Binti, sema mtamu, twende zetu. Bibi yako ana mihogo kwenye kidimbwi changu, au umesahau?"

Sikusahau. Nikatafuna. Utamu ukaja. Mama ananitazama mdomo. Nikasubiri. Mtoto akanyoosha mkono kwenye kikapu, mama yake akaushika, hakumpiga, aliushika tu. Jirani akakichukua kitenge na kuanza kukikunja kama kimeshakuwa chake. Bado sijasikia kitu. Nikaomba uwe mtamu kweli, Mungu ni shahidi, niliomba. Halafu ukapanda. Kutoka nyuma. Nikatema.

"Sema, mtoto!"

"Mtamu sisemi."

Kofi lilinikuta bado nina ute mdomoni. Mama akamnyang'anya kitenge chake, akajifunga, akambeba mtoto. Hakunishukuru. Anishukuru nini? Nilikuwa nimemwondolea mtoto mwenye njaa chakula mbele ya macho yake, na kilio cha mtoto kilinifuata hadi nyumbani.

Bibi akanisikiliza hadi mwisho, akakung'uta unga wetu wote uliobaki, akanituma niwapelekee. Mtoto alikula ugali ule amefumba macho. Kesho yake tukakuta mihogo yetu imetupwa nje ya kidimbwi, mbuzi wanainusa. Tangu hapo tuliloweka mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, na bibi hakunilaumu hata siku moja. Jirani alikaa na kinyongo chake hadi kaburini. Huo nao ni uchungu, ila hauloweki.

Kidimbwi chenyewe kimejaa udongo, watu wamepanda viazi. Bibi hayupo. Hata maneno yake yamekwenda naye: kwa wajukuu zangu ndizi mbichi ni chungu, dawa ni chungu, bia ni chungu, wanatema wanaendelea na safari. Kungoja siku nne, nani anaweza?

Jana huyo mke wa mjukuu kanishikisha kipande cha muhogo mbele ya wateja, basi linapiga honi.

"Bibi, waambie tu. Watakwenda kwa yule wa pembeni!"

Nikatafuna, kwa meno haya sita. Wakanikodolea macho. Utamu ukaja, ukatulia. Nikasubiri. Ukapanda, kutoka kulekule nyuma.

"Bibi jamani, sema!"

"Mtamu sisemi."