Kiti cha Mshauri

Ilikuwa mwaka ule lifti ya hoteli ilipokwama na mgeni rasmi ndani yake. Hapana, nimekosea. Lifti ilikwama mwaka uliotangulia. Huu ninaousema ni mwaka wa zulia jipya, lile lililokuwa likitoa manyoya na kunasa kwenye soksi za kila mtu. Ndiyo, mwaka wa zulia.

Washauri wa masomo walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wao mkuu. Hawa ni wale watu wa vyuoni ambao mwanafunzi akifeli hesabu, au akitaka kuhama kozi, au akitaka tu kulia mahali penye feni, huenda kubisha mlangoni kwao. Kazi yao ni kushauri, na mtu aliyeshauri miaka mingi hawezi tena kuacha. Atakushauri hata namna ya kushika kikombe.

Mmoja wao alikuwa mzee waliyemwita Fundi Viti. Jina hilo alilipata kwa sababu warsha yake haikuwa na hotuba wala picha za ukutani. Alikuwa akifika kabla ya watu, anavua koti, anavunja safu zote za viti na kuvipanga viwili viwili, vikitazamana. Siku hiyo mhudumu mpya wa hoteli alimkuta ameinama akivuta kiti, akamwendea mbio.

"Afadhali umekuja, fundi. Meza ya mapokezi nayo mguu unacheza."

Mzee hakubisha. Alikwenda, akaikunjakunja ratiba ya mkutano, akaichomeka chini ya mguu wa meza, meza ikatulia. Akapewa na soda.

Yeye mwenyewe ndiye hakuwa ametulia. Bintiye naye alikuwa mshauri wa masomo, chuo kilekile, chumba cha jirani. Sasa kampuni ya bima ilikuwa imempa nafasi ya kazi, na jibu walilitaka kabla ya wiki kwisha. Alimwambia babake asubuhi hiyo, wakiwa garini.

"Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Usiniambie lolote. Niache niamue."

"Mimi? Mdomo nimeshaufunga, ufunguo nimeumeza."

"Baba!"

"Sijasema neno!"

Mzee alitaka bintiye abaki chuoni. Lakini alikuwa ameshaahidi.

Warsha ikaanza. Sheria ya Fundi Viti ilikuwa hii: mmoja anajifanya mwanafunzi na kueleza tatizo, mwenzake anakalia kiti cha mshauri na kuuliza tu. Hakuna kushauri mpaka mwanafunzi mwenyewe aseme amemaliza. Atakayeshauri mapema anapulizwa filimbi, anasimama, na kiti chake anakikalia mwanafunzi. Filimbi alikuwa nayo mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kutingisha mapazia, naye wakamwita Mama Filimbi. Mwaka mzima aliingoja siku hiyo.

Haikupita muda ukumbi ukawa kama njia panda yenye trafiki. Piii!

"Simama, bwana, umeshauri!"

"Sijashauri, nimependekeza!"

Piii!

"Dada, 'mimi ningekuwa wewe' ni nini kama si ushauri?"

"Nimeteleza, mama. Ulimi hauna breki."

Walicheka mpaka mtu akamwaga chai, na lile zulia likainywa yote, hata doa halikubaki. Kumbe manyoya yale yalikuwa na faida.

Halafu ikaonekana kuna mtu hana mwenzake. Ni bintiye mzee, kakaa peke yake karibu na ukuta, jirani yake katoka kupokea simu.

"Kaa naye wewe, Fundi!" Mama Filimbi akasema. "Tumwone bingwa."

Wakakaa, na wengine wakageuza viti kutazama. Binti akamkazia babake macho, na badala ya kutunga tatizo la uongo akasema, "Mwalimu, nimepata nafasi mahali pengine. Hapa nilipo napapenda, ila kila mlango nikiufungua nakuta mtu mwingine kashapita."

Mzee akauliza, "Huko pengine, kinachokuvuta ni kitu gani?"

"Hakuna anayenijua. Nikikosea, nimekosea mimi."

"Na hapa, utakumbuka nini?"

"Wanafunzi. Na mtu mmoja."

Hapo ule ufunguo aliosema ameumeza ukamtoka. "Lakini hao watu wa bima, si nasikia hata likizo ya maana hawana?"

Filimbi ililia kama treni.

"Nani katuambia habari za bima hapa?" Mama Filimbi akapaza sauti. "Simama, Fundi! Simama!"

Ukumbi mzima ukapiga miguu sakafuni. Miaka yote hiyo hakuwahi kupulizwa. Akasimama, masikio yakimchoma, na bintiye akahamia kiti cha mshauri. Alikaa mikono magotini, vilevile alivyokuwa akimwona babake akikaa tangu utoto wake.

"Sasa mwanafunzi ni wewe. Nikiondoka, baba, kitakachokuuma hasa ni nini?"

Mzee akafungua mdomo ataje uzoefu, ataje pensheni. Havikutoka.

"Chai ya saa nne," akasema. "Unakuja na kikombe chako, unakaa juu ya meza yangu, unaicheka tai yangu."

Binti akangoja. Filimbi ikabaki mkononi mwa mwenyewe.

"Nimemaliza," mzee akasema.

"Basi sasa naruhusiwa. Bima wako mtaa wa nyuma ya chuo. Chai nitakuja kunywa. Na hiyo tai, kwa kweli, ibadilishe."

Alikwenda bima, na chai huja kunywa, si kila siku, lakini huja. Kikombe chake bado kiko kwenye kabati la mzee, na hakuna mwingine anayekigusa. Warsha nayo haijafa. Mzee huifungua kwa kuigiza alivyopulizwa filimbi, watu wakavunjika mbavu, naye akacheka kuwashinda.

Ila kuna kitu kimoja. Jioni ile wakirudi, walisimama kwenye taa nyekundu, akamuuliza bintiye swali. Taa ikageuka kijani, binti akatia gia. Amemuuliza tena kwenye chai, akaongezewa sukari. Amemuuliza mkewe, akaambiwa amuulize mwenye mdomo wake. Swali lenyewe ni hili: "Mwanangu, siku ile uliyoniambia unataka kazi kama yangu, uliitaka kweli, au ulinionea huruma?"