Moja, Mbili, Nne

Lori la baba halikuwa na gia ya tatu. Ilikuwapo alipolinunua kwa Mhindi mmoja wa Bukoba, miaka ile Mwingereza bado anatawala na bei ya kahawa imepanda, kila mwenye shamba la maana anaota bati au gari. Lakini meno yake yaliliwa polepole, na siku moja tukiwa na mzigo wa ndizi ilichomoka, ikawa haiingii tena. Fundi alisema kifaa kitaagizwa Mombasa. Baba akasema vizuri, kiagizwe, akaendelea kuendesha. Ndiyo maana mimi niliyejifunza udereva kwenye lori lile nilijifunza kuhesabu gia kwa kuruka: moja, mbili, nne. Tatu niliijua kama nilivyoijua Ulaya, kwamba ipo na watu wengine wamefika.

Alinifundisha kwenye uwanja wa mchanga karibu na Ziwa, lori likiwa tupu, Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Watu walikuwa wanasimama kutazama msichana akihangaika na usukani, baba anawapungia kofia.

Kutoka mbili kwenda nne hakukunisumbua. Unaiacha mbili ilie mpaka masikio yaume, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unangoja injini ishushe pumzi, unakanyaga tena, unaingiza. Injini inanung'unika, kisha inakubali. Kurudi kutoka nne hadi mbili ndiko kulikonitoa jasho. Magari ya siku zile hayakumsaidia dereva kwa lolote. Meno ya gia yasipolingana mwendo yanakataa, na yanakataa kwa kelele. Inabidi kwanza upunguze mwendo kwa breki. Kisha ukiwa katikati, huna gia yoyote, ukanyage mafuta injini ipande mpaka pale mbili inapoitaka, halafu uingize upesi kabla haijashuka. Ukikosea unabaki huna gia. Pale mchangani nikikosea lori lilisimama lenyewe, baba akacheka, tukaanza upya.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi. Tandiboi wa baba, msaidizi wake wa kupakia, alikuwa amekwenda kumzika mjomba wake, kwa hiyo nilipanda mimi kwenda Muleba kuchukua kahawa. Tulipakia magunia asubuhi yote. Tulipokuwa tunafunga kamba ikaja kwaya ya Kilutheri ya huko, watu kumi na kitu, wanaume wamevaa makoti na wanawake wamebeba viatu mkononi wasivichafue. Walikuwa wanakwenda kuimba kwenye harusi Kanazi na gari lao halikutokea. Baba aliwaambia wapande juu ya magunia.

Betri ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo lori liliwashwa kwa hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Baba akainama mbele, akazungusha mara ya kwanza, likakohoa. Akazungusha tena. Hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu zake zote na kumpiga.

Mfupa sikuusikia. Nilimwona amekaa chini mbele ya lori, kofia imeanguka, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Mkono ulikuwa na kona mahali pasipo na kona. Hakulia. Alisema tu, taratibu, "Umekwenda huu."

Mwanakwaya mmoja mzee, mama mwenye sauti nzito kuliko baadhi ya wanaume, alishuka akachana kitambaa chake cha kichwani, akatafuta vijiti viwili, akamfunga. Mganga wa zahanati alikuwa safarini. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Ziwa, na kila mtu pale alijua barabara ile ya udongo mwekundu inakuwaje mvua ikishanyesha. Lori jingine lingepita Jumatatu.

Kiongozi wa kwaya, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, akauliza lile ambalo wote walikuwa wanaliwaza. "Sasa nani ataendesha?"

"Binti yangu," baba akasema.

Wote walinitazama, na mimi nikamtazama baba nikitumaini anatania.

"Ana leseni?"

"Leseni ninayo mimi. Mikono miwili anayo yeye."

Watu wawili walishuka wakasema watatembea. Yule mama mzee alipanda, akakaa, akavuta gauni lake magotini. Wengine walimfuata mmojammoja.

Nikamwambia baba kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kwamba sijawahi kuendesha likiwa na mzigo, na mlima sijawahi kuushuka. Akanijibu, "Otatina." Usiogope. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama majivu, na jasho lilikuwa linamtiririka wakati hakukuwa na jua. Basi niliogopa mambo mawili: lori, na baba yangu kufa pembeni yangu.

Kiongozi wa kwaya alizungusha hendeli, baba akimfokea asiizungushie kidole gumba. Likawaka. Niliingiza moja. Mguu wangu wa kushoto ulitetemeka mpaka klachi ikatetemeka nao, tukaondoka kwa kurukaruka kama chura, na huko juu nikasikia magunia na watu wakigongana.

Lori lenye mzigo si lile la mchangani. Usukani ulikuwa mzito kama umefungiwa mahali, na kila nilipokanyaga breki lilifikiri kwanza ndipo likatii. Baba aliniambia neno moja kabla hatujafika mlima wa kwanza: "Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Usiiache." Nikaupanda kwa mbili, nikaushuka kwa mbili, injini inalia, mikono imekufa ganzi kwa kushikilia. Ukaja mwingine, nikafanya hivyo hivyo. Kwaya ikaanza kuimba. Sauti zilikuwa zinaingia dirishani, za juu na za chini zikipokezana, na nikafikiri: wenzangu hawana hofu, mimi peke yangu ndiye ninayeogopa.

Baba alikuwa anatafuna kahawa kavu aliyokuwa nayo mfukoni, kama wanavyotafuna wazee wetu, ili asilegee. Baadaye taya lake likaacha kutafuna. Nikamgeukia kidogo: kichwa kilikuwa kimelala kwenye mbao za mlango, macho yamefumba.

"Tata," nikaita. Baba. Hakuitika. Nilitazama kifua chake mpaka nikakiona kinapanda, nikarudisha macho barabarani wakati gurudumu la kushoto limeshaingia kwenye majani.

Tulikuwa tumefika juu, kwenye sehemu tambarare yenye migomba huku na huku. Mbili ilikuwa inapiga kelele isiyovumilika. Maji yalikuwa yanachemka, moshi unatoka kwenye kizibo cha rejeta, na niliona nitaunguza injini ya baba huku amezimia. Barabara ilikuwa imenyooka. Nikafikiri, niweke nne kidogo, ipumue. Nikakanyaga, nikatoa, nikangoja, nikakanyaga, nikaingiza. Iliingia laini, haikugusa hata jino. Kelele ikakoma ghafla. Kwa kitambo kidogo nilijiona dereva kweli, nikasikia maneno ya wimbo vizuri.

Kisha migomba ikaisha, na barabara ikaisha nayo. Hivyo ndivyo ilivyoonekana. Mbele yangu ilikuwa hewa, na chini kabisa bonde la mafunjo na daraja la magogo, jembamba kama ubao wa benchi. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo uliochongwa, kulia hakukuwa na kitu.

Nilijua la kufanya. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba nilijua. Nikakanyaga breki, lori likafikiri, likapungua kidogo. Nikakanyaga klachi, nikatoa nne, nikaachia, nikakanyaga mafuta, nikakanyaga klachi tena, nikasukuma kuelekea mbili. Meno yalipiga ukelele ulionipanda kwenye mkono hadi begani, na mti wa gia ukanirudishia ngumi. Nikajaribu tena. Ukanipiga tena. Na sasa sikuwa na gia yoyote, na lori, lililokuwa limeshikiliwa na injini tangu Muleba, lilijua kwamba limeachiwa.

Sijui kama nimewahi kueleza vizuri kwa mtu hali ile. Injini ilikuwa kimya kama inapumzika. Kitu pekee kilichosikika kilikuwa upepo na matairi, na sauti ya matairi ilikuwa inapanda. Nikakanyaga breki, nikasikia harufu kama ya kwato inayoungua. Kanyagio lilizama zaidi kuliko mara ya kwanza. Chini darajani nikamwona mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, ametupa mgongo.

"Tata. Tata, hakuna gia."

Akafumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama barabara.

"Weka nne," akasema.

"Nataka mbili."

"Mbili haitakuja kwa mwendo huu. Weka nne."

Kurudi kwenye nne kulikuwa kinyume cha kila kitu mwili wangu ulichotaka. Nne ndiyo gia ya kukimbia. Lakini sauti yake ilikuwa ile ya mchangani, basi nikasukuma, nayo ikaingia kwa urahisi wa ajabu, na nikahisi injini imelikamata lori kwa nyuma, kwa udhaifu, kama mtu anavyomshika mwenzake shati.

"Sasa breki. Usiishikilie. Kanyaga, achia, kanyaga." Akageuka kitini, akapitisha mkono wake mzima juu ya ule uliovunjika, akaikamata breki ya mkono, akaivuta mpaka nikasikia pumzi yake inakatika. Lori likaanza kuinama mbele. Lilipungua, polepole, kwa shingo upande. Kulikuwa na kona. Nililiegemeza upande wa ukingo, udongo ukakwaruza mbao za bodi na kutumwagikia dirishani kwake.

"Bado," akasema. "Bado. Sasa toa."

Nikatoa.

"Mafuta. Zaidi. Mpaka ulie wewe."

Nikakanyaga mafuta mpaka chini, injini ikapiga mayowe, nikakanyaga klachi, nikasukuma mti wa gia kwa mikono miwili, usukani nimeuacha, baba ameushika kwa goti sijui vipi. Ikaingia. Lori zima lilijikunja. Kifua changu kilipiga usukani, magunia yakasogea mbele yakagonga kibanda chetu, na kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Mbili ikaanza kulia, na sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Yule mtu wa baiskeli alikuwa amesikia. Aliitupa baiskeli kwenye mafunjo na kusimama pembeni mwa daraja mikono ikiwa juu ya kichwa. Tulimpita taratibu kiasi kwamba niliona kidevu chake kinatetemeka. Sikumsalimu. Nilipanda upande wa pili, nikasimamisha lori pale lilipotaka kusimama lenyewe, nikafungua mlango na kutapika.

Baba aliningoja nimalize. Kisha akauliza, bila ukali, "Kwa nini uliiacha mbili?"

"Ilikuwa inalia."

"Ingelia tu. Chuma hakina uchungu."

Niliona damu mdomoni mwake. Alikuwa ameuma ulimi wakati anavuta breki.

Kwaya ilishuka Kanazi. Kiongozi alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaondoka bila kuaga. Yule mama mzee alikuja dirishani kwangu. Nilimwambia nyimbo zao zilinipa moyo, kwamba niliona hawaogopi.

"Mwanangu," akasema, "tuliimba ili tusilisikie lori lako."

Sikuthubutu kuingia mjini Bukoba, kwa sababu ya polisi. Tuliliacha lori Hamugembe kwa shangazi yangu, kati ya migomba yake, na wanawe wakamsindikiza baba hospitali kwa miguu. Mvua ilinyesha wakiwa njiani. Mfupa uliungwa siku hiyo hiyo, ingawa uliungana vibaya kidogo, na mpaka mwisho wa maisha yake alipokuwa anasalimia watu mkono wake ulikuwa unatazama pembeni.

Nyumbani baba alimwambia mama kwamba aliendesha mwenyewe kwa mkono mmoja. Nilinyamaza. Mama aliamini mpaka yule mama wa kwaya alipokuja kumjulia hali mgonjwa, akiwa na kikapu cha viazi, na kunishukuru mimi mbele ya wote. Alieleza kila kitu, hata wimbo waliokuwa wanaimba. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini, akanishika mikono, akaigeuza juu na chini kama anatafuta kidonda. Wadogo zangu wote wawili walikuwa wamekufa wachanga. Nilikuwa nimebaki peke yangu.

Akamgeukia baba. "Huyu angekufa, una mwingine umemficha wapi?"

Baba alitazama plasta ya mkono wake. Mgeni akasema viazi ni vya shambani kwake mwenyewe, na mama akasema asante, akachukua kisu.

Baba aliajiri dereva mpaka mkono upone, kijana mwenye maringo aliyekuwa ameendesha malori ya Wahindi. Safari ya kwanza baba alinitaka niende nao nimsaidie dereva kupakia, nikakaa katikati yao. Tulipokuwa tunarudi, na ile tambarare yenye migomba inakaribia mwisho, nilishika ubao wa mbele kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Dereva alinicheka. Alisema wanawake hawakuumbiwa milima.

"Tazama mbele," baba alimwambia. "Halafu kaa kimya mpaka tuvuke daraja."