Igiriturki ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita, sokoni Musoma, muuza dawa mmoja aliniwekea mkononi kipande cha igiriturki, eti ninuse. Sikuhitaji. Harufu ile ya ganda la chungwa na tope ilikuwa imenifikia kabla sijafika mezani kwake. Nikamuuliza ameutoa wapi mzizi huo. Akasema, "Mama, wewe nunua tu." Nikamrudishia. Mtu anayeuza mzizi bila kujua unaota wapi simwamini, na ukiniona hivi, rafiki yangu, ujue nimelelewa na bibi.

Bibi yangu wa Kiriba alikuwa hamwamini mtu. Na miaka yenyewe ilikuwa ile ya sabuni kwa foleni na sukari ya kusikia kwa watu, zahanati ina mganga na mizani ila dawa hakuna. Kila aliyepita na kikapu kilichofunikwa alishukiwa. Bibi alinusa hata moshi wa majirani. "Leo kule wamekaanga kwa mafuta. Wameyatoa wapi?" Sisi tulikula ugali wa udaga wa muhogo na furu wa kuchemsha, vile visamaki vyenye miiba ambavyo siku hizi huvioni tena ziwani, na vilikuwa vitamu, nakwambia.

Katika nyumba hiyo ndipo baba mdogo alipomleta mkewe kutoka Bunda mjini, binti wa mzee mmoja muuza dawa za asili. Alikuja na sanduku moja, na mche uliofungwa kwenye kitambaa kibichi. Akaupanda kwenye tope nyuma ya migomba. Bibi, ambaye l na r kwake vilikuwa kitu kimoja, aliposikia jina la mche huo akaguna. "Igilituluki? Hilo jina la mmea au la mtu?"

Ulikuwa mmea mzuri. Majani marefu kama panga, mshipa wake mkubwa umekaa pembeni kidogo badala ya katikati, na ukiyavunja mkono unanukia mpaka jioni. Ua lake halikuwa ua hasa, kijidole cha kijani tu kilichochomoza ubavuni. Bibi alikuwa akikichana kwa kucha kutafuta mbegu. Mwaka wa kwanza hakupata, wa pili hakupata. "Mmea hauna mbegu," alininong'oneza. "Sasa wenyewe ulizaliwaje?"

Lakini ulitibu. Tumbo likijaa gesi, ulitafuna kipande kidogo, uchungu wake ukakutoa machozi, na muda si mrefu ukapumua. Unga wake kwa asali ulikuwa wa kikohozi. Jirani yetu, mama mmoja wa kikohozi kisichoisha, alikuja kuuomba kila wiki. Mama mdogo mwenyewe alitafuna karibu kila siku kwa ajili ya tumbo. Bibi naye alitafuna, kwa kujificha.

Shida ilikuwa moja. Mama mdogo alikuwa hajashika mimba. Bibi akaanza kusema kikulacho ki nguoni mwako, akimtazama yeye. Baba mdogo akatamka mbele yetu sote kwamba wangoje mpaka mavuno, na kama bado, atamrudisha kwao. Tangu siku hiyo mama mdogo akawa anacheka kidogo sana. Nilimpenda, jamani. Ndiye aliyekuwa akinisuka.

Mwaka huo mdudu dumuzi alivamia mahindi ghalani. Mama mdogo akasaga mzizi mkavu, akauchanganya kwenye debe lake la mbegu. La bibi likabaki hivyohivyo. Nilikuwa na miaka kumi, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha kuchunguza na kueleza tulichokiona. Basi nikachunguza. Debe la bibi lilikuwa limegeuka unga, wadudu wanapandiana. La mama mdogo lilikuwa na wachache, wazee, wanajivuta. Nikamkimbilia bibi.

"Bibi! Wadudu wa mama mdogo wapo, ila hawazaagi!"

Bibi alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini. "Rudia." Nikarudia, kwa majivuno.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. "Mzizi unaofunga uzazi wa mdudu," bibi alimwambia baba mdogo, "utamwachaje mwanamke?" Wakaung'oa wote, wakauchoma. Mavuno hayakungojwa. Mama mdogo akaondoka na sanduku lake, analia, anaapa kwamba ni dawa ya tumbo tu. Mke aliyemfuata hakutafuna mzizi wowote, na hakuzaa. Hapo bibi akaanza kumtazama mwanawe kwa jicho la pembeni.

Baadaye nilisomea mimea. Viumbe vingi vina seti mbili za vinasaba, ya baba na ya mama. Igiriturki ipo yenye seti tatu, nazo hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu haiji. Inaenea kipande kwa kipande. Wa Bunda na wa Kiriba ulikuwa mmea mmoja uleule. Ipo ya seti nne, yenye sumu nyingi inayoua mayai ya wadudu, na hiyo ya seti tatu inayo kidogo. Kidogo hicho kinamfanya nini mwanamke, sijui, na sitakudanganya.

Nilimkuta mama mdogo Bunda, enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imemwagwa mpaka barabarani. Alikuwa na watoto wawili wakubwa. Akanikumbatia, akanipa chai ya sukari nyingi, akasema amewasamehe wote, bibi na baba mdogo.

"Ila yule jirani yenu. Nilikuwa nampaga dawa kwa mkono wangu huu, akaenda kusema inafunga uzazi. Huyo simsamehe mpaka nakufa."

Jirani alikuwa hai bado. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye akili zangu. Nikapuliza chai.

"Hata mimi nilikuwaga simwamini yule mama," nikasema.

Leo mama mdogo na jirani wote wawili wamekufa. Wa kumwambia kwamba aliyesema ni mimi, nimebaki na wewe tu, na wewe hukumjua hata mmoja wao.