Nilivyowaonyesha Firigogo

Sauti ya firigogo ikinifikia asubuhi, mpaka leo naamka nimekasirika. Ni ndege wa rangi ya mchanga, humwoni mpaka uwe karibu kumkanyaga, lakini jua likishapanda kidogo wanaruka makundi kwa makundi kwenda kunywa, wakiitana. Sisi wafugaji tuliwafuata kwa macho, maana wanakoshukia ndiko kwenye maji. Aabo, baba yangu, alinifunza hivyo, na akanikataza jambo moja: mbele ya mgeni usitazame ndege juu.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikuwa na dimbwi moja katikati ya migunga, la kutufikisha kwenye mvua. Dubow, binamu ya baba, akaja na gari akiongoza wageni watatu waliotaka kutazama ndege wa jangwani. Aabo alikuwa mbali na ngamia. Hooyo, mama yangu, akawapa maziwa kama desturi ilivyo. Dubow akanigeukia akicheka.

"Wewe mdogo, huwezi kujua firigogo wanakunywa wapi."

"Nakushinda wewe, adeer," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita ami.

"Uongo! Haya, onyesha."

Nikaonyesha. Tulilala kifudifudi nyuma ya kichaka, mzee mmoja wa kigeni akanipa darubini, nikamwona dume ameingia majini, analowesha manyoya ya tumbo, kisha anaruka na maji yake. "Anapelekea watoto," nikasema, na wageni wakacheka kwa furaha, mkono mdomoni wasiwashtue. Sijajivuna tena vile maishani. Dubow hakuwa anatazama ndege. Alikuwa analipima dimbwi kwa hatua.

Wiki haikuisha akarudi na Njeru, mfanyabiashara wa Garissa, na malori mawili ya tangi na pampu. Kusoma sikusoma sana, lakini majina hayo mawili siyasahau: Dubow na Njeru. Walifyonza siku tatu. Hooyo aliomba wawabakishie mbuzi, Njeru akamjibu, "Mama, maji ya porini hayana mwenyewe." Firigogo walizunguka juu ya tope, wakaenda zao. Sisi hatuna mbawa. Mbuzi waliisha, na Habiba, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, alikufa tukitembea kwenda Liboi kutafuta maji. Aabo hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Juzi nilimkuta Dubow Garissa, ndevu amepaka hina, anakunywa chai. "Yalikuwa mapenzi ya Mungu, mwanangu." Nikamwambia, ukame ulitoka kwa Mungu, pampu uliileta wewe. Watu wakageuka. Wageuke tu. Siku hizi vijana wanakuja na kamera kubwa kuliko vichwa vyao, wananiuliza, "Mama, firigogo wako wapi?" Wana adabu, hawajanikosea kitu. Nawaonyesha upande usio na tone la maji. Ndege wanapita juu ya kichwa changu, madume wamebeba maji ya watoto wao tumboni, nami natazama chini, kama aabo alivyonifunza.