Mikwaruzo Miwili ya Gari la Uthiru

Nanyama aliingia katika ufundi wa rangi za magari kupitia vidole vya wanawake. Miaka tisa alipaka watu rangi za kucha katika kibanda cha ghorofa ya pili karibu na Tom Mboya Street, na angebaki huko hadi leo kama mteja wake Jackie asingemjia siku moja akihema, gari jekundu la bosi wake likiwa limeegeshwa chini.

"Nanyama, uko na nyekundu kama hii?" Jackie aliuliza, akimwonyesha picha kwenye simu. "Nimeparua mlango kidogo tu. Bosi analitaka saa nane aende Parklands."

Nanyama alikuwa nayo. Alishuka na chupa mbili za rangi ya kucha, akapiga magoti kando ya barabara, akapaka. Bosi hakuona kitu. Wiki ya tatu rangi ilibabuka kama ganda la kitunguu, na chini yake kutu ilikuwa imeshaanza. Jackie alipewa barua ya onyo. Nanyama aliona haya, ila hakuacha kufikiria kwamba kwa siku kumi na nane mtu mzima, msomi, alikuwa amelitazama gari lake kila asubuhi na kudanganywa na kibrashi cha kucha.

Ndipo akaenda Riruta kwa Kitavi, fundi anayepulizia magari rangi kando ya Naivasha Road, akaomba kufundishwa.

"Mama, gari si kidole," Kitavi alimwambia.

"Nani amesema ni kidole? Wewe nifundishe."

Alimfundisha. Kutu haifunikwi, inakwanguliwa kwa msasa mpaka bati ling'ae, linapakwa dawa, kisha praima, yaani rangi ya chini, na kila tabaka linangojewa likauke. Namba ya rangi husomwa kwenye kibandiko mlangoni, haikisiwi kwa macho. Kijiti cha meno alikigundua mwenyewe: ukikichovya kwenye rangi, kinajaza shimo dogo bila kuchafua pembeni. Siku hizi ana turubai lake jirani na la Kitavi, na hagusi doa linalozidi ukucha wa dole gumba. Likizidi hapo, ni la Kitavi. Na kwa kuwa wateja wake wengi huja kwa siri, hamtajii mtu habari za mwingine.

Basi Alhamisi moja alikuja Mwihaki, mama mwenye nyumba za kupangisha kule Uthiru, akiendesha gari la buluu. Alikuwa amerudi nyuma akagonga kona ya tangi la maji la kanisa.

"Baba Haron asijue," alisema. "Kila siku mimi ndiye humwambia hajui kuendesha."

Doa lilikuwa dogo, juu ya gurudumu la nyuma. Nanyama alilifanyia kazi siku nzima, na lilipokauka yeye mwenyewe alilitafuta kwa kidole akalikosa.

Jumanne iliyofuata gari lilelile likaingia tena. Safari hii aliyeshuka ni mzee Gerishon, mumewe Mwihaki. Kwenye boneti palikuwa na vidoa viwili: kimoja cha kokoto ya barabarani kilichokwisha kushika kutu, kingine cha lango lake mwenyewe.

"Mama Haron yuko kwa mkutano huko tao mjini," alisema. "Nataka akirudi asione kitu. Huyo mama akishika jambo, haachi."

"Sawa, mzee. Keti hapo kwa benchi."

Mzee hakuketi. Alilizunguka gari, mikono mgongoni, akafika nyuma. "Huku unaona? Hapajawahi kuguswa tangu nilinunue," alisema, akipapiga kwa kiganja juu ya gurudumu. Nanyama akainama kutafuta msasa aliokuwa ameushika mkononi.

Alikuwa katika kuweka praima simu ilipolia. Ni Mwihaki.

"Mkutano umeisha mapema," alisema. "Ile chupa ndogo ya rangi uliniahidi, naweza kuipitia leo ama nije kesho?"

Nanyama alimtazama mzee, ambaye sasa alikuwa amepewa chai na Kitavi. Jibu lililofaa lilikuwa kesho. Alilijua, lilikuwa tayari ulimini.

"Njoo tu sasa, mama," alisema. "Niko."

Mwihaki alishuka kwenye bodaboda baada ya nusu saa. Aliliona gari kwanza, kisha mzee na kikombe chake.

"Baba Haron."

"Mama Haron." Mzee aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nataka kukushangaza."

"Umefaulu. Umegonga nini?"

"Lango. Kidogo tu." Kisha jambo likamjia. "Na wewe huyu fundi umemjulia wapi?"

Nanyama alikuwa akisugua mahali ambapo hapakuhitaji kusuguliwa. Mwihaki alimtupia jicho moja kali, akavuta pumzi, akamwambia mumewe ukweli wote, pamoja na tangi la kanisa.

"Doa liko wapi?" mzee aliuliza.

"Tafuta."

Mzee alivaa miwani. Alichuchumaa, akapapasa milango yote, akawasha tochi ya simu mchana. Hakuliona. Mwihaki, aliyekuwa amekunja uso, akaanza kucheka. Alipomwonyesha, mzee alibisha kwamba anatania. Ilibidi Nanyama aitwe athibitishe.

"Ni hapo, mzee," alisema, na hakuweza kuficha meno yake.

Kazi ya boneti ilipokamilika, wawili hao waliondoka wakibishania ni nani aendeshe. Mwihaki alishinda, mzee akakaa kando akimwelekeza kwa sauti namna ya kugeuza.

Kitavi alikuwa ameona yote. "Ulijua mzee yuko hapa," alisema. "Hiyo si kazi ya fundi. Wangegombana je?"

"Ningejuta."

"Sasa kwa nini?"

Nanyama alichovya brashi kwenye thina ya kuoshea rangi, akaikamua polepole kwa kitambaa. "Miaka minne nafanya kazi nzuri, Kitavi, na kazi yangu ikiwa nzuri hakuna anayeiona. Nilitaka mtu mmoja aitafute."

Kitavi aliokota kikombe cha mzee, akamwaga chai iliyobaki. Alikuwa bado amekasirika, akarudi chini ya turubai lake.